Sikio, Jicho na Vokali za Kiingereza: Uhakiki wa Njia Tatu za Kufundishia

Madhumuni ya makala hii ni kupima njia tatu zilizopata kubuniwa kwa ajili ya kuzipanga, kuzisoma na kuziandika vokali za Kiingereza, na kuuliza kila moja yamfaa nini mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Njia ya kwanza ni ya kanuni za tahajia, ya pili ni ya alfabeti mpya, na ya tatu ni ya maneno ya vielelezo. Zote tatu zilibuniwa na wenye lugha yenyewe, wala hapana hata moja iliyomkusudia mtoto wa Tanga au wa Kisumu. Hilo si kosa lao. Kosa lingekuwa letu tukizipokea pasipo kuzihakiki.

Yafaa kwanza kulieleza tatizo lenyewe. Kiingereza cha kusini ya Uingereza, kama kielezwavyo kwa desturi vitabuni, kina vokali 20, yaani vokali sahili 12 na vokali unganifu 8. Herufi za kuziandikia ni tano, ukiziacha y na w zinazosaidia hapa na pale. Kiswahili kina vokali tano na herufi tano, na kila herufi hushika sauti yake pasipo kuihama. Basi mtoto wetu aingiapo katika Kiingereza hukutana na mashaka mawili kwa mara moja: sikio lake halijazoea kutenganisha sauti 20, na jicho lake limezoea herufi zisizosema uongo.

Tena herufi hizo za Kiingereza hazikusema uongo tangu mwanzo. Zama za Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, neno "name" lilitamkwa kwa a ndefu, na e ya mwisho ilisikika. "Moon" lilikuwa na o ndefu, na "house" lilikuwa na u ndefu. Kati ya karne ya 15 na ya 17 vokali ndefu zote zilihama mahali pake, jambo ambalo Otto Jespersen alilipa jina la Mhamo Mkuu wa Vokali mwaka 1909. Lakini Caxton alikuwa amekwisha kuleta mtambo wa kuchapia Uingereza mwaka 1476, na tahajia ilianza kuganda hali sauti zingali zikienda. Kwa hiyo mtoto asomaye "name" kana kwamba ni "na-me" hakufanya upumbavu. Asoma karibu sawa na alivyosoma Mwingereza wa miaka 600 iliyopita. Mwalimu anayelijua jambo hili hatamcheka.

Sasa tuitazame njia ya kanuni. Ni ya zamani, na ndiyo iliyoenea zaidi madarasani. Hufundisha, mathalani, kwamba neno lenye e ya mwisho huifanya vokali iliyotangulia kuwa ndefu, na e yenyewe hunyamaza. Tena kwamba vokali mbili zikifuatana, ya kwanza husema kwa sauti yake ndefu na ya pili hukaa kimya. Mwaka 1963 Theodore Clymer wa Marekani alizipima kanuni 45 za namna hii kwa maneno yaliyomo katika vitabu vya madarasa ya mwanzo. Kanuni ya e ya mwisho ilitiiwa na maneno 330, ikaasiwa na 188. Kanuni ya vokali mbili ilitiiwa na maneno 309, ikaasiwa na 377. Kanuni ambayo wanaoiasi ni wengi kuliko wanaoitii haistahili kuitwa kanuni.

Walakini iko ila kubwa kuliko hiyo ya hesabu. Mtoto wa Kiingereza akikosea kanuni hujisahihisha, kwa sababu neno analijua kwa kinywa kabla ya kuliona kwa jicho. Akisoma "bread" kwa vokali ya "read", husikia mara moja kwamba silo neno linalofaa mahali hapo, akajaribu tena. Mtoto wetu hana pa kukimbilia. Mara nyingi neno na sauti yake huvipata pamoja kutoka katika maandishi. Kanuni ikimdanganya, uongo huo humkalia kinywani miaka mingi. Tusisahau kwamba huko Tanzania watoto wengi husomeshwa kwa Kiswahili katika shule za msingi, kisha katika sekondari hutakiwa kujifunza elimu zote kwa Kiingereza. Hapo deni la matamshi na tahajia hulipwa katika jiografia na kemia pia.

Njia ya pili ni ile ya Sir James Pitman, mjukuu wa Isaac Pitman aliyebuni mfumo wa hati mkato. Alitunga alfabeti ya kuanzia yenye alama 44 hivi, na majaribio yake yalianza katika shule za Uingereza mwaka 1961. Nia ilikuwa kila sauti ipate alama yake, mtoto asome upesi, kisha ahamie katika tahajia ya kawaida. Wengi walisoma upesi kweli, lakini kuhama kuliwaletea baadhi yao taabu, na baada ya miaka ya 1970 alfabeti hiyo ilififia.

Kwetu sisi njia hii ina funzo la kinyume. Faida aliyoitafuta Pitman kwa Kiingereza, mtoto wa Kiswahili amekwisha kuipata bure kwa alfabeti yake mwenyewe: anajua kwamba maandishi ni picha ya sauti. Anachokosa si alama. Ukimpa alama 20 za vokali ambazo sikio lake bado halijazitenga, umempa majina ya watu asiowajua kwa sura. Alama haiwezi kulitangulia sikio.

Njia ya tatu ni ya J. C. Wells, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu lafudhi za Kiingereza. Wells aliyagawa maneno katika mafungu 24, na kila fungu akalipa neno la kielelezo, kama "kit", "fleece", "trap", "strut", "nurse" na "goat". Ubora wake ni kwamba fungu hutajwa kwa neno, wala si kwa sauti. Kwa hiyo Mskoti, Mmarekani na Mwafrika wote waweza kupimwa kwa kipimo kimoja. Tukitumia kipimo hicho kwa matamshi mazito ya Kiswahili, mafungu 24 huwa 11 tu. Fungu la "kit" na la "fleece" huwa i moja. "Foot" na "goose" huwa u moja. "Dress" na "face" huwa e. Mafungu sita, kuanzia "lot" hadi "goat", huangukia o. Na "trap", "strut", "bath", "palm", "start" na mara nyingi "nurse" hurundikana katika a. Yanayobaki ni sita yenye vokali mbili mbili: ai, oi, au, ia, ea na ua.

Hata hivyo jedwali la namna hii laweza kutupoteza likichukuliwa kuwa sheria. Ushahidi umo katika maneno tuliyoyakopa. "Shirt" na "skirt" yana vokali moja na tahajia moja katika Kiingereza. Kwetu la kwanza ni shati na la pili ni sketi. "Nurse" lina vokali hiyo hiyo, nasi twasema nesi. Hapa hapana kanuni ya herufi wala ya sauti. Vokali ile imesimama kati ya a na e, na sikio la Mswahili huisukuma mara huku, mara huko. Kadhalika tazama "bank", "gas", "taxi" na "jack": twasema benki, gesi, teksi na jeki. Lakini mwanafunzi yule yule asemaye benki sokoni, akilikuta neno "bank" katika kitabu cha Kiingereza, husoma kwa a. Benki ni kazi ya sikio. A ile ya kitabuni ni kazi ya jicho. Na ajabu ni kwamba tangu nusu ya pili ya karne ya 20 Waingereza wengi wa kusini wameishusha vokali hiyo kuelekea a, hata jicho la mwanafunzi limekaribia kuwa na haki.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Si kila mchanganyo ni dhambi. Waskoti wengi hawatofautishi "foot" na "goose", na Wamarekani wengi hawatofautishi "lot" na "thought", wala hapana anayewaambia kwamba hawajui Kiingereza. Mwalimu na atumie saa zake chache mahali penye hasara ya kweli. Mahali pa kwanza ni "kit" na "fleece", yaani "live" na "leave", "fill" na "feel". Wala asifundishe kwamba tofauti ni urefu peke yake, maana Mwingereza huikata vokali ya "beat" ikawa fupi kuliko ya "bead"; tofauti imo pia katika mahali pa ulimi. Akisema "ni ii kama yetu", mwanafunzi atarefusha sauti ile ile tu.

Mahali pa pili ni rundo la a. Hapa r yaweza kutuokoa. Mwanafunzi na aruhusiwe kuitamka r kila iandikwapo, kama wafanyavyo Wamarekani wengi, Waskoti na Waairishi. Hapo "heart" litaachana na "hat", "hurt" litaachana na "hut", na hata "court" litaachana na "cot". R anayo tayari kinywani, na tahajia itakuwa upande wake badala ya kuwa adui. Itakayobaki kufundishwa ni tofauti ya "hat" na "hut", na hiyo hufundishwa kwa kusikiliza kwanza, kuandika baadaye.

Ama tahajia yenyewe, na ifundishwe kwa jicho na kwa historia, neno na jamaa zake, si kwa kanuni zinazoasiwa. Vokali isikikayo mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, ile hafifu ya "about", "taken", "pencil", "lemon" na "circus", huandikwa kwa herufi zote tano na haina hata moja iliyo yake. Hapo sikio haliwezi kulisaidia jicho kamwe. Kila kimoja kifundishwe kazi yake, wala mtoto asiadhibiwe kwa jicho kushindwa kufanya kazi ya sikio.