Mahali pa Kukata

Katika miaka ya 1980 kampuni ya AMD ilitoa chipu ya mtandao wa Ethernet, Am7990, ambayo mafundi waliizoea kwa jina la LANCE. Ilipendwa kila upande. Sun waliiweka kwenye SPARCstation, Digital kwenye DECstation, HP kwenye mashine za 9000/300, Commodore kwenye kadi ya A2065 ya Amiga, na kadi za PC nazo hazikubaki nyuma. Prosesa za mashine hizo hazikuwa na undugu wowote: SPARC, MIPS, ukoo wa 68000, x86. Chipu ilikuwa ileile.

Anayeandika kerneli anaweza kunakili kiendeshi mara tano na kukirekebisha hapa na pale. Baada ya muda atakuwa na viendeshi vitano vinavyofanana nusunusu, na kasoro iliyotibiwa katika kimoja itaendelea kuwatesa wenye mashine nyingine. NetBSD, mradi wa mfumo endeshi ulioanza mwaka 1993, una kiendeshi kimoja cha chipu hii, le, na ninachokipenda ndani yake ni mahali kilipokatwa.

Ukiitazama kutoka nje, LANCE ina milango miwili tu. Unaandika namba ya rejista kwenye wa kwanza, kisha unasoma au kuandika thamani kwenye wa pili. Kiendeshi kinajua maana ya kila biti ya rejista hizo, lakini hakijui milango yenyewe iko wapi. Kinapotaka kusoma, kinaita fanksheni ambayo msimbo wa mashine husika umeikabidhi mapema. Kwenye PC fanksheni hiyo hupitia bandari za I/O. Kwenye Sun husoma anwani ya kumbukumbu. Mambo ya chipu yamebaki kwa chipu, ya mashine kwa mashine.

Ugumu wenyewe uko kwenye kumbukumbu ambamo prosesa na chipu hupeana data. Katika DECstation 3100, prosesa huiona ikiwa na mapengo: baiti 2 za data, baiti 2 tupu, na kuendelea hivyo. Katika mashine nyingine za Digital ni baiti 16 za data, kisha 16 tupu. Waandishi wa le hawakuyaacha mapengo hayo yatapakae kiendeshi kizima. Walitenga fanksheni za kunakili, moja kwa kila umbo, na kila mashine ikachagua yake. Isome ile ya pengo la baiti 2. Data ikianzia kwenye nafasi isiyogawanyika kwa mbili, baiti ya kwanza inapachikwa nusu ya juu ya neno, na nusu ya chini inahifadhiwa kama ilivyokuwa. Kisha baiti zinakwenda mbilimbili, na ikibaki moja mwishoni inashughulikiwa peke yake. Ni mistari michache, haina mbwembwe, na haimsumbui mtu mwingine yeyote.

Wazo hilohilo lilikuzwa likawa msingi wa kerneli nzima kwa bus_space, fanksheni za kufikia rejista za vifaa, na kwa bus_dma, za vifaa vinavyosoma na kuandika kumbukumbu vyenyewe, ambayo Jason Thorpe aliieleza katika makala ya mwaka 1998. Faida ya bus_space inaonekana kwenye Alpha, prosesa za Digital: za kwanza hazikuwa na amri ya kusoma baiti moja. Ili kusoma baiti ya kifaa, anwani ilisogezwa biti 5 kushoto na ukubwa wa data ukafichwa kwenye biti za chini. Mwandishi wa kiendeshi cha kadi ya PCI hayaoni hayo. Anaandika bus_space_read_1, anataja nafasi, basi.

Ila bus_dma inamdai mwandishi huyo kitu. Kabla kifaa hakijaandika kwenye kumbukumbu na baada ya kumaliza, kiendeshi lazima kiite bus_dmamap_sync. Kwenye PC wito huo mara nyingi hauna kazi kubwa, kwa sababu maunzi yenyewe huhakikisha kashe na kumbukumbu vinakubaliana. Kwenye MIPS nyingi za zamani, ukiusahau, prosesa itasoma data iliyokwisha kuchakaa ndani ya kashe. Kwa hiyo anayejaribu kazi yake kwenye PC tu hawezi kugundua kwamba ameusahau, na hata hivyo anatakiwa auweke mahali pake hasa, kwa ajili ya mashine ambayo huenda asiiguse maishani. Ninapofungua kiendeshi nisichokijua, natafuta kwanza wito huo: upo pande zote mbili, kabla na baada?