Wimbo na Mzigo wa Msafara

Vijana wa kwaya yetu hapa Ziba waliniomba tutazame pamoja filamu ya Bohemian Rhapsody, iliyotoka mwaka 2018, inayohusu bendi ya roki ya Queen ya Uingereza. Walikuwa wamesikia kwamba mwimbaji wake, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Zanzibar. Ni kweli. Alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi, akaitwa Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka Visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964. Tukatundika shuka ukutani, tukaunganisha kompyuta na spika mbili za kwaya, tukatazama.

Filamu ni nzuri kwa macho na masikio. Rami Malek anamwigiza Mercury kwa bidii kubwa. Onyesho la mwisho, lile la Live Aid katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, liliwainua vijana kwenye mabenchi. Hadithi yenyewe imepangwa kama mfano wa mwana mpotevu: mwimbaji anawaacha wenzake, anaharibikiwa, anajua kwamba ni mgonjwa, anarudi kuomba radhi, kisha wote wanaimba kwa ajili ya wenye njaa Ethiopia.

Lakini toba hiyo imetungwa. Queen hawakuwa wametengana. Walikuwa katika ziara ya albamu yao The Works hadi Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya Wembley. Na ndani ya ziara hiyo ndimo lilimokuwa anguko lao la kweli, ambalo filamu haikuligusa.

Oktoba 1984 bendi ilikwenda kuimba Sun City, mji wa starehe na kamari uliojengwa Bophuthatswana. Hiyo ni sehemu ambayo makaburu waliitangaza kuwa nchi huru mwaka 1977, na hakuna taifa nje ya Afrika Kusini lililoitambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewaomba wasanii wasiende. Queen walikwenda. Sauti ya Mercury ikakauka, na maonyesho kadhaa yakafutwa. Waliporudi nyumbani, chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na majina yao yakaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa. Walijitetea kwamba wao ni wanamuziki, si wanasiasa, na kwamba waliimba mbele ya watu wa rangi zote.

Mwezi huohuo, Oktoba 1984, ilitangazwa kwamba Askofu Desmond Tutu amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisi Walutheri nasi tulikwisha kusema neno. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu wetu Josiah Kibira kuwa rais wake, na likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni jambo la ukiri wa imani. Mwaka 1984 kule Budapest likayasimamisha makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika. Kama kanisa halikuruhusiwa kusema "sisi tunasali tu," kwa nini bendi iruhusiwe kusema "sisi tunaimba tu"?

Watu wa Tabora tunalijua swali hili kwa njia yetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo walisifika kwa nyimbo zao. Wimbo ulipunguza uzito begani na ulipanga hatua. Lakini baadhi ya misafara iliyopita njia hizi ilikuwa na watu waliofungwa minyororo, na wimbo mzuri haukuifungua. Nabii Amosi, katika sura ya tano, anasema wazi kwamba Mungu huzichoka nyimbo zetu pale haki inapokosekana.

Simnyooshei Mercury kidole nikiwa mkono safi. Miaka michache iliyopita kwaya yetu ilialikwa kuimba kwenye sherehe ya mnunuzi mmoja wa pamba. Wakulima wengi, washarika wetu wakiwamo, walikuwa hawajalipwa, nami nilijua. Niliwaambia vijana, "Kazi yetu ni kuimba, hayo mengine yana wenyewe." Tukaimba, tukapewa spika mbili. Jumapili iliyofuata mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza, "Baba Mchungaji, siku ile mlikuwa mnamwimbia nani?" Sikumjibu.

Kwa hiyo naisikitikia filamu hii. Imewapa Queen msamaha wa kosa ambalo hawakulifanya, na kulificha lile walilolifanya. Neema ya namna hiyo ni rahisi mno. Na mwisho wa kweli ulikuwapo! Mercury alifariki kwa Ukimwi Novemba 1991. Novemba 2003 wenzake Brian May na Roger Taylor walisimama jukwaani Cape Town, katika tamasha la Nelson Mandela la kupambana na Ukimwi, katika nchi ileile, sasa ikiwa huru. Anayejua habari za Sun City hulitazama jukwaa lile kwa macho mengine. Anayeijua filamu tu halioni.

Filamu ilipokwisha niliwasimulia vijana yote haya, pamoja na habari ya pamba. Walinyamaza. Kisha binti mmoja wa sauti ya pili akaziangalia spika, akauliza, "Baba Mchungaji, sasa hizi tuzirudishe?"

Nimelipeleka swali lake kwa baraza la wazee, na nimeomba yule mzee wa mlangoni awepo.