Kitabu cha Tippu Tip na Wapagazi Wasiotajwa

Kila tufikapo katika somo la misafara, twakifungua tena kitabu ambacho Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliandika juu ya maisha yake. Alikiandika Unguja katika uzee wake, kwa herufi za Kiarabu. Bwana Heinrich Brode, Mdachi, alikigeuza kwa herufi za Kirumi, kikapigwa chapa Berlin miaka ya 1902 na 1903. Bwana W. H. Whiteley alikitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mnamo 1958 na 1959.

Kwa lugha yake kitabu hiki hakina budi kusifiwa. Ni Kiswahili cha mfanyabiashara: sentensi fupi, hesabu wazi, wala hapotezi neno kwa kujipamba. Mwalimu anayechoshwa na insha zilizojaa maneno makubwa yafaa awasomee wanafunzi wake kurasa chache tu za mzee huyu.

Bali habari za Tabora zataka kusomwa kwa hadhari. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa huku Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Basi mambo ya mji wetu kwake ni mambo ya nyumbani, naye asimulia kama mtu wa upande mmoja. Fundikira alipokufa, Mnywa Sere alirithi kiti, akataka ushuru wa bidhaa ziingiazo nchini mwake. Waarabu wakamwondoa mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere alizunguka porini akipigana mpaka alipouawa mwaka 1865. Katika kitabu yeye ni mkorofi aliyevuruga biashara. Lakini mtemi anayedai ushuru katika nchi yake mwenyewe, ukorofi wake u wapi?

Hata hivyo kasoro hiyo ni ndogo mbele ya nyingine. Pembe zatajwa kwa frasila, deni latajwa, mkopeshaji atajwa kwa jina lake na la babaye. Mpagazi hana jina. Yeye ni idadi tu, na idadi hiyo huonekana zaidi inapopungua. Ukurasa ambao wapagazi waonekana wazi kuliko zote ni ule wa Uzaramo, walipokwisha kupokea posho wakatoroka usiku. Tippu Tip alirudi vijijini mwao, akakamata watu kwa mamia, akawalazimisha kubeba mizigo. Ndipo wakampa jina la Kingugwa, yaani chui. Asimulia kwa fahari. Twamshukuru kwa kutoficha, maana hapo bila kukusudia atuonyesha kwamba mpagazi alikuwa mtu mwenye hiari, aliyeweza kukataa kazi.

Jambo hili latugusa sisi tunaofundisha. Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani kama babu zake, kwa kuwa walibeba pembe hadi pwani, walikuwa watumwa. Wenzake walicheka, naye akainamisha kichwa. Twakiri kuwa jibu letu siku ile lilikuwa dhaifu, maana vitabu tulivyokuwa navyo viliweka mpagazi na mtumwa katika sentensi moja. Hata mwaka 2006, njia hii ilipoandikwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, jina iliyopewa lilikuwa la watumwa na pembe. Mbebaji wa ujira hakuingia katika jina.

Na wengi wao walikuwa wa ujira. Bwana Stephen Rockel amelieleza hilo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2006. Mnyamwezi alipatana ujira wake kwa doti za merekani, kaniki, au ushanga. Alidai posho yake. Alimfuata kirangozi wake, na mkuu wa msafara akivunja mapatano, mizigo ilitupwa chini. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda pwani na pembe zao. Kijana aliyerudi kutoka pwani alihesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili. Watumwa walipita Tabora, wakauzwa Tabora. Katika misafara ya pwani walikuwamo pia watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa mabwana zao. Tena, jambo ambalo wazee wetu hawapendi kulitaja: matajiri wa Unyamwezi walinunua watumwa kwa mali ya pembe, wakawalimisha mashamba huku vijana wako safarini. Mwalimu atakayemwambia mwanafunzi kwamba babu yake alikuwa mpagazi huru, asilifiche na hili.

Twapenda kitabu kiendelee kusomwa shuleni, ila kwa kila msafara mwanafunzi aulize ni nani aliyebeba, na kwa ujira gani. Palipo kimya, awaendee wazee awaulize habari za utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani hata leo. Hutaniana hata msibani, mmoja akadai sanda ya mwenziwe bila mtu kukasirika. Wazee husimulia kuwa utani huo ulitokana na kupitana njiani, kwa vita na kwa biashara. Na Uzaramo huo ndio ule ule ambako Tippu Tip aliitwa chui.