Weupe wa Asumini

Kwetu Unguja, harusi ilikuwa haijatimia mpaka ndani ya nyumba kunukie asumini. Wakati wa alasiri, kabla maua hayajafunguka, wanawake waliketi ukumbini na sinia, sindano na uzi, wakatunga makoja na kufunga vikuba vya asumini, rehani na mkadi. Marehemu mama yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alijua kuchagua tumba lililokomaa ambalo lilikuwa bado limefumba, ili usiku ukiingia lifunguke kifuani au kichwani mwa aliyelivaa.

Alipofariki, mpwa wangu mmoja alikuwa amekwisha kuposwa. Kijana huyo kazi yake ni kuchora picha kwa kompyuta, na kadi ya mwaliko wa harusi yake aliamua kuitengeneza mwenyewe. Siku hizi, msomaji wangu, kadi si lazima iwe ya karatasi. Huja kwenye simu ikiwa picha inayotembea. Katika hiyo aliyoitengeneza, asumini zilimwagika kutoka juu, zikatua polepole juu ya majina ya bwana na bibi harusi. Ilikuwa ni namna yake ya kumwalika bibi yake aliyetutoka.

Akaniletea niione kabla ya watu wengine.

"Mjomba, yaonekanaje?"

Mimi nina ulimi mbaya. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona yamekuwa kama vipande vya mshumaa?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, hiyo ni picha ya asumini ya kweli. Nimeichuma mwenyewe uani kwa bibi."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Kama picha ilitokana na ua la kweli, tena kutoka mti ule ule wa mama, kwa nini jicho langu lilikataa kuliamini? Na kama nilikuwa nimekosea, nilikuwa nimemuumiza mtoto bure, katika jambo lililokuwa la huzuni kwetu sote wawili. Nikamwomba anifundishe namna kazi ile inavyofanyika.

Alinieleza kwamba kwanza hujengwa umbo la ua kwa vipande vidogo vidogo vilivyounganishwa, mfano wa wavu. Halafu wavu huo huvikwa picha ya uso wa ua, ambayo mafundi huiita tekscha. Maarifa haya ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Edwin Catmull alionyesha namna ya kuvika picha juu ya uso uliopinda katika tasnifu yake ya mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Mwaka 1978 James Blinn akaonyesha namna ya kulihadaa jicho ili uso laini uonekane una matuta na mikunjo. Tekscha ya mpwa wangu ilikuwa na pikseli 4096 kila upande, yaani nukta zaidi ya milioni 16 kwa petali moja isiyozidi ncha ya kidole. Hapana shaka ilikuwa kazi ya mtu mwangalifu.

Tukaitazama tena, safari hii polepole. Kosa la kwanza tuliliona upesi. Petali aliipiga picha asubuhi, karibu na dirisha, na kivuli cha asubuhi ile kikabaki ndani ya picha. Katika filamu taa ilitoka upande wa pili, lakini kivuli kile hakikuhama. Kosa la pili ni kwamba picha moja ilikuwa imevikwa petali zote. Petali ile ilikuwa na doa dogo karibu na kikonyo, basi petali mia nzima zilianguka na doa lile lile mahali pale pale. Jicho halihesabu, lakini huhisi kwamba linadanganywa.

Hayo yalikuwa na dawa, naye akayarekebisha siku ile ile. Ua likawa zuri zaidi, lakini mshumaa haukuondoka.

Hapo ndipo nilipokwenda uani. Msomaji, jaribu nawe jambo hili. Chukua petali ya asumini, uibane baina ya vidole viwili, uisugue polepole. Weupe unatoweka, na kinachobaki ni kitu mfano wa karatasi iliyoingia mafuta. Weupe ule haukuwa rangi. Ndani ya petali nyeupe, baina ya seli na seli, zimo nafasi ndogo za hewa. Mwanga ukiingia huruka huku na huku kati ya hewa na maji ya seli, kisha hutoka umetawanyika, nasi tukaona weupe. Ukiibana petali, hewa inatoka na weupe unaondoka nayo.

Hata maua ya rangi hayategemei rangi peke yake. Mwaka 1994 watafiti wa Kituo cha John Innes, mjini Norwich, Uingereza, walieleza habari za jeni liitwalo mixta katika ua la antirinamu. Jeni hilo likiharibika, seli za juu ya petali, ambazo kwa kawaida zimechongoka kama pia, hubaki bapa. Rangi iliyomo ni ile ile, lakini ua huonekana limefifia.

Basi hilo ndilo lililokuwa kosa la tatu, na ndilo kubwa. Mpwa wangu alikuwa amechukua uso wa kitu ambacho uzuri wake haukai usoni. Nukta milioni 16 zilieleza kila mshipa, na hazikusema lolote juu ya mwanga unaopita ndani. Angeongeza nukta mara kumi na mshumaa ungebaki mshumaa, kwa kuwa tekscha nzuri juu ya umbo lisilopitisha mwanga hulifanya lifanane na plastiki iliyochapwa vizuri. Mafundi wa fani hii walikwisha kuligundua hilo. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walitoa njia rahisi ya kukokotoa mwanga unaoingia kitu mahali pamoja na kutokea pengine, wakaionyesha kwa marumaru, maziwa na ngozi ya binadamu.

Baada ya hapo tulitazama pamoja filamu ya Coco, iliyotolewa na Pixar mwaka 2017. Huko Mexico, katika Siku ya Wafu, watu hutandaza petali za ua la rangi ya machungwa liitwalo cempasúchil ili kuwaonyesha marehemu njia ya nyumbani. Katika filamu petali hizo zimekuwa daraja wanalolivuka wafu kuja kuwatazama jamaa zao. Petali moja moja haikuchorwa kwa kina cha ajabu, nalo daraja lenyewe haliwezekani duniani. Hata hivyo niliziamini, kwa sababu mwanga unatoka ndani yake. Hata hivyo nina lawama moja: petali zile hazinyauki. Mtu anayemkumbuka maiti kwa ua analichagua akijua kwamba kesho halitakuwapo.

Kabla ya kompyuta walikuwapo wachoraji waliopambana na swali hili. Jan van Huysum, Mholanzi aliyeishi tangu 1682 hadi 1749, ana picha ya maua katika chombo cha udongo, iliyoko National Gallery, London, ambayo ameitia tarehe mbili, 1736 na 1737. Mwaka 1742 alimwandikia mteja wake kwamba kazi imekwama kwa kuwa hajapata waridi la manjano. Alikuwa na ujuzi wa kutosha kulichora kwa kumbukumbu. Alingoja.

Nilimweleza mpwa wangu habari hiyo. Kesho yake alichuma maua kumi na mawili, akayapiga picha mbele na nyuma, kisha akiwa ameyainua dhidi ya jua ili ajue mwanga unapita wapi na unazuiwa wapi. Aliyaacha mezani mpaka siku ya pili, akayapiga tena yakiwa yameanza kuingia hudhurungi ukingoni. Alipomaliza, asumini zilianguka nyepesi, na moja ilipopita mbele ya taa iling'aa kwa ndani kama sikio la mtoto juani.

Ugomvi ukazuka kwa jambo ambalo sikulitazamia. Mama yake, yaani dada yangu, aliona petali mbili zenye ukingo wa hudhurungi akauliza ni nani anayewaalika watu harusini kwa maua yaliyochakaa. Kwake ilikuwa kisirani. Mpwa wangu alinitazama mimi, akingoja nimtetee.

Sikuweza kusema kwamba dada yangu amekosea. Alikuwa ameketi na mama kwenye sinia lile kwa miaka mingi kuliko mimi, naye alijua kwamba ua la jana halikutiwa katika koja la bibi harusi. Lilitupwa. Mimi nilikuwa nadai ukweli wa petali. Yeye alikuwa anautetea ukweli wa kazi ya mama, aliyekuwa akichagua. Nilipomwambia mtoto kwamba asumini zake zimekuwa mshumaa, sehemu ya maneno yale ilikuwa ya haki, na sehemu nyingine ilikuwa hasira yangu kwamba mkono ule haupo tena.

Nilimwambia mpwa wangu aziondoe petali zile mbili. Aliziondoa katika kadi iliyotumwa kwa watu. Mimi alinitumia nakala nyingine, ambayo zimo, na ndiyo niliyobaki nayo katika simu yangu.