Hasira Iliyofungiwa Ndani

Watu husema ya kuwa sisi wa Ufipa tu wapole. Sifa hii si ya jana. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipopita nchi yetu mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kuwa ni wakulima wa amani. Na Bwana Roy Willis, mtaalamu Mwingereza aliyekaa kwetu katika miaka ya 1960, aliieleza amani hiyo katika kitabu Societies at Peace, alichokihariri pamoja na Bibi Signe Howell, kikatoka mwaka 1989.

Kazi yake yastahili shukrani, maana aliyapima mawazo ya wazee wala hakuyadharau. Katika makala ya mwaka 1967 alionyesha kwamba kwa Wafipa kichwa ni mahali pa akili na uongozi, na viuno ni mahali pa nguvu na uzazi. Nacho kichwa ndicho kitawalacho.

Lakini nina swali moja. Hasira ikiisha kutawaliwa, huenda wapi? Bwana Willis mwenyewe alitupa sehemu ya jibu katika makala ya mwaka 1968, alipoandika habari za Kamchape, watu waliozunguka Ufipa mwaka 1963 na 1964 wakidai kuondoa uchawi vijijini. Ndipo majirani waliozoea kusalimiana kwa adabu walipotuhumiana, hata wazee wakaitwa wachawi. Asomaye kitabu cha amani peke yake atadhani hatuna hasira. Asomaye na makala hiyo ataona kwamba ilikuwamo, imefungiwa ndani.

Mimi nami nimekosa hivyo. Hapa Laela wanafunzi wangu wawili waligombana, kisha wakanyamaza. Niliwasifu mbele ya darasa kwa upole wao. Juma lililofuata daftari la mmoja lilionekana limechanwa vipande vipande. Nilikuwa nimesifu kimya, nikidhani ni amani.

Kutawala hasira ni jambo moja, kuificha ni jingine. Aitawalaye huijua, huipoza, kisha humwendea mwenziwe na kumwambia taratibu, "Ndugu yangu, neno lile liliniumiza." Aifichaye hucheka mchana, na usiku huhesabu makosa. Basi wazazi na walimu, tusiwafundishe watoto kunyamaza tu. Tuwafundishe na kusema kwa upole. Neno lisemwalo mapema hupata dawa; lisilosemwa hutafuta mchawi.