15, 9, 3: jinsi Washington walivyoficha benchi bovu

Mwaka 2019 Washington Nationals walitwaa ubingwa wa besiboli wa Marekani wakiwa na warushaji wa akiba ambao katika msimu wa kawaida walikuwa wabovu kuliko wote kwenye Ligi ya Taifa. Kila zamu 9 walizorusha ziliwagharimu wastani wa mikimbio 5.66. Timu ya namna hiyo haitarajiwi kufika mbali, kwa sababu mechi za mtoano za Oktoba huamuliwa zamu ya 7, ya 8 na ya 9, mrushaji aliyeanza akiwa hoi na kocha akilazimika kuita watu kutoka benchi.

Nimezirudia mechi zile mara nyingi, na kila nikizirudia namheshimu zaidi kocha wao wa wakati ule, Dave Martinez. Benchi hakulitibu. Alilikwepa.

Twende na hesabu. Ili mechi iishe, timu inatakiwa kuwatoa wapigaji 27, watatu kila zamu. Swali la kocha yeyote ni nani atawatoa hao 27. Washington walikuwa na waanzaji wanne wa uhakika: Max Scherzer, Stephen Strasburg, Patrick Corbin na Aníbal Sánchez. Kwenye akiba, aliowaamini Martinez ni wawili: Daniel Hudson, aliyeletwa kutoka Toronto mwishoni mwa Julai, na Sean Doolittle. Katika msimu wa mechi 162, hao wanne walirusha karibu zamu 750, yaani nusu tu ya kazi yote. Nusu iliyobaki ikabidi iangukie mikono mingine, na ndiyo maana timu ilianza vibaya mno, ushindi 19 kwa vipigo 31. Oktoba mambo hubadilika. Kuna siku za mapumziko katikati, kwa hiyo mwanzaji ambaye si zamu yake anaweza kuitwa kuja kurusha kama mtu wa akiba.

Oktoba 1, mechi ya kufa na kupona dhidi ya Milwaukee: Scherzer aliwatoa wapigaji 15, Strasburg 9, Hudson 3. Jumla 27. Dhaifu hakuguswa hata mmoja. Washington walishinda 4-3.

Njia hii iliwahi kuwaunguza, tena vibaya. Mechi ya tatu dhidi ya Los Angeles Dodgers, Sánchez alimaliza zamu 5 kwa kuruhusu mkimbio mmoja tu, kisha Corbin akaletwa zamu ya 6 na kuruhusu mikimbio 6 kabla zamu haijaisha. Wakafungwa 10-4. Kocha mwoga angeachana na mpango ule usiku huohuo. Martinez aliung'ang'ania, na kwangu hilo ndilo kubwa alilofanya, kwa sababu mbadala wake ulikuwa lile benchi la 5.66.

Oktoba 30, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Houston, nyumbani kwao. Siku tatu nyuma Scherzer alikuwa amekazwa shingo kiasi cha kusaidiwa na mkewe kuvaa nguo. Alichomwa sindano, akapanda kilimani kurusha. Kila zamu Houston waliweka watu kwenye vituo, na mipira 103 ikamtoka mkononi. Hata hivyo alimaliza zamu 5 akiwa ameruhusu mikimbio 2 pekee. Ndipo akaja Corbin, huyohuyo aliyeungua dhidi ya Dodgers. Silaha yake ni slaida: mpira unamjia mpigaji wa mkono wa kulia kama unapita usawa wa goti, naye anapokwisha kuamua kupiga, unadondoka kuelekea miguuni mwake. Alirusha zamu tatu bila kuruhusu mkimbio.

Upande wa pili, Zack Greinke alikuwa ameitawala mechi kwa zamu 6. Zamu ya 7 Anthony Rendon aliupeleka mpira nje ya uzio, Juan Soto akapewa kituo cha bure, na kocha A.J. Hinch akamwondoa Greinke akiwa na mipira 80 tu. Akamleta Will Harris, mtu wa akiba ambaye msimu mzima wastani wake ulikuwa 1.50. Harris alirusha mpira wa chini, wa nje, mahali panapotakiwa hasa. Howie Kendrick aliufikia, ukaenda kugonga mlingoti wa mpaka upande wa kulia: 3-2. Mimi ningemwacha Greinke. Lakini siwezi kusema Harris alikosea, na hapo ndipo tofauti ilipo: Hinch aliliamini benchi kwa sababu lilikuwa zuri, Martinez hakuwa na anasa hiyo.

Hudson alifunga zamu ya 9 kwa kumtoa Michael Brantley, na mechi ikaisha 6-2. Tazama mgawanyo: Scherzer 15, Corbin 9, Hudson 3. Ni hesabu ileile ya Oktoba 1, mechi 16 baadaye.

Kwa hiyo msomaji, ukipima kikosi cha warushaji kabla ya mtoano, usihesabu majina yaliyopo benchini. Hesabu wapigaji 27, kisha jiulize ni wangapi kati yao watatolewa na mtu ambaye kocha anamwamini.