Pongezi kwa Fundi wa Breki
Ukiteremka Kitonga, Iringa, huku lori limekukalia mgongoni, ndipo unapomkumbuka fundi wa breki. Nampongeza yule anayeanza kwa kusikiliza: mlio mwembamba ni kibati cha tahadhari kinachogusa diski, pedi zinakaribia kwisha; mkwaruzo ni chuma kwa chuma, diski nayo inaliwa. Pedi ikibaki milimita 3, haibembelezi. Hubadilisha kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari linaweza kuvuta upande mmoja. Akimaliza hukanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha huangalia mafuta ya breki, ndipo akupe ufunguo. Asiyekuonyesha pedi kuukuu alizotoa (wapo!), pongezi hizi hazimhusu.